Zana Tulizokwisha Kuzilipia

Ipo tabia moja ambayo sisi tunaoshughulika na mambo ya umma tumeizoea mno, nayo ni kuomba msaada wa kitu ambacho tayari kimo kabatini mwetu. Tumelikumbuka jambo hili kwa sababu ya kompyuta. Katika Wilaya yetu ya Muheza kompyuta si mgeni tena: zimo katika ofisi za Halmashauri, hospitalini, benki, katika shule za sekondari, na hata katika vibanda vya kuchapa barua vilivyo jirani na stendi. Karibu katika kila moja ya kompyuta hizo mna zana zilizowekwa makusudi kwa ajili ya mtu asiyeona, mwenye uoni hafifu, mwenye mkono mmoja, mwenye mikono inayotetemeka, na asiyesikia. Zana hizo hazihitaji kuagizwa ng'ambo wala kuombwa kwa wafadhili. Zilikuja ndani ya kompyuta siku ile ile iliponunuliwa, na gharama yake ilikuwamo katika bei tuliyoilipa. Hata hivyo bado twasikia, mikutanoni na maofisini, kwamba mtoto fulani hawezi kupokewa katika shule fulani "kwa kukosa vifaa".

Neno hilo, vifaa, lafaa lichunguzwe.

Siku za karibuni tulifika katika shule moja ya sekondari ambayo jina lake hatulitaji, maana yaliyomo humo yamo katika shule nyingi. Katika chumba cha kompyuta alikuwamo kijana mmoja wa kidato cha pili mwenye ualbino, ameketishwa karibu na mlango bila ya kompyuta. Tuliambiwa kwa upole kabisa kwamba haoni maandishi, hivyo hungoja wenzake wamalize kisha hunakili daftari la rafiki yake. Mwenye ualbino aghalabu huwa na uoni hafifu kwa sababu upungufu wa rangi mwilini huathiri jicho kutoka ndani, na miwani peke yake haiwezi kuuondoa upungufu huo. Lakini uoni hafifu si upofu. Mmoja wetu aliinama kwenye kompyuta iliyokuwa tupu, akabonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na kile cha kujumlisha. Maandishi yakakua maradufu. Akabonyeza tena, yakazidi. Kijana alisogea, akasoma ukurasa mzima kimyakimya, kisha akaomba aachiwe kiti kile mpaka kengele ilie. Mwalimu wake aliuliza kama kitu hicho kilikuwamo humo siku zote. Naam, kilikuwamo. Kompyuta zile zililetwa shuleni kabla kijana huyo hajaingia kidato cha kwanza.

Zana hiyo ya kukuza maandishi imo katika Windows tangu toleo la mwaka 1998, na katika matoleo ya leo huweza kukuza hata mara 16. Kwa kuwa yapo macho yanayoumizwa na weupe wa skrini, ipo pia namna ya kuigeuza skrini ikawa nyeusi na maandishi yakawa meupe au ya manjano. Narrator, yaani programu inayosoma kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye skrini, iliingia katika toleo la mwaka 2000. Kampuni ya Apple iliweka ya kwake, VoiceOver, katika kompyuta zake mwaka 2005. Mwaka 2009 zana za namna hii zikaingia katika simu: VoiceOver katika iPhone, na TalkBack katika simu za Android, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa wananchi wetu. Twasisitiza habari ya simu kwa sababu kwa mkulima wa machungwa wa Mkanyageni au mchuma chai wa Amani, kompyuta ya kweli ni hiyo aliyonayo mfukoni. Afungue mipangilio ya simu yake. Kama ameiweka katika Kiswahili, atakuta humo mahali palipoandikwa ufikivu. Wengi wamepita hapo mara mia bila kupagusa.

Tena ipo zana moja ambayo watumiaji wengi wa kompyuta wamekutana nayo bila kuijua. Mtu akibonyeza kitufe cha herufi kubwa mara tano mfululizo, kompyuta hulia na kufungua kijidirisha kinachomwuliza swali. Tumewaona makarani wakikifunga upesi wakidhani ni virusi. La hasha, si virusi. Kompyuta inamwuliza kama angependa kubonyeza kitufe kimoja kimoja badala ya kushikilia viwili au vitatu kwa pamoja. Swali hilo halina maana kwa mwenye vidole kumi, lakini kwa aliyebakiwa na mkono mmoja ndiyo tofauti ya kuandika na kutoandika. Na sisi wa mkoa wa mkonge hatuhitaji kuelezwa sana habari za mikono. Wapo wazee waliopoteza vidole katika mashine za korona viwandani, na siku hizi wapo vijana wengi wanaoletwa hospitalini kutoka katika ajali za bodaboda, wakarudi nyumbani bila mkono. Kijana wa namna hiyo akiwa na cheti chake cha kidato cha nne, mbona asifanye kazi ya ukarani? Zana hiyo imo katika Windows tangu mwaka 1995, nayo ilitokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani.

Yafaa msomaji ajue kwamba kampuni kubwa hazikuyaweka mambo haya kwa huruma tupu. Zamani asiyeona aliyetaka kompyuta imsomee alilazimika kununua programu ya pekee ambayo bei yake iliweza kuizidi hata bei ya kompyuta yenyewe. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria, likaagiza kwamba vyombo vya serikali kuu ya nchi hiyo vinunue tu mitambo ambayo mtumishi mwenye ulemavu anaweza kuitumia. Agizo hilo likaanza kutekelezwa mwaka 2001. Serikali ile ni mnunuzi mkubwa, na kampuni ya biashara haipendi kumkosa mnunuzi mkubwa. Tangu hapo jambo lililokuwa la hisani likawa sharti la zabuni. Sisi nasi ni wanunuzi. Halmashauri inaponunua kompyuta 20, au Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, unapopeleka kompyuta mashuleni, hakuna kinachozuia kuandika katika hati ya zabuni kwamba zana hizi ziwe zimewashwa na zimejaribiwa mbele ya mtu atakayezitumia.

Katika hili historia yetu wenyewe ina neno. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni, baada ya mashine zilizogharimu fedha nyingi za kigeni kutoleta faida iliyotarajiwa. Wapo leo wanaoicheka amri ile. Sisi hatuicheki hata kidogo, maana hofu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ya haki: nchi maskini kununua mashine isiyojua itaifanyia nini. Marufuku ile imekwisha kuondolewa siku nyingi, na mashine zimejaa. Lakini mashine ambayo nusu ya uwezo wake haijulikani kwa mwenyewe, je, si ndiyo ile ile iliyoogopwa?

Sasa tuieleze kidogo kazi ya programu inayosoma skrini, kwa kuwa bila ya kuielewa hatutaelewa kosa tunalolifanya kila siku. Ndani ya kompyuta, neno lililopigwa kwa vitufe halihifadhiwi kama picha ya neno. Huhifadhiwa kama mfululizo wa namba, kila herufi na namba yake. Programu huzichukua namba hizo, ikazipanga kuwa matamshi, ikazitoa kwa sauti katika spika. Asiyeona haongozi kompyuta kwa kipanya. Huenda kwa vitufe, mstari kwa mstari, naye aliyezoea husikiliza kwa kasi ambayo sisi wenye macho hatuiwezi. Tuliokaa mkekani chuoni kabla ya kuandikishwa darasa la kwanza hatushangazwi na jambo hili. Chuoni, mtoto asiyeona aliketi pamoja nasi, akasikia, akarudia, akahifadhi. Na mara nyingi alitutangulia sisi tuliokuwa tukifuatisha herufi kwa kijiti. Hakuna mwalimu wa chuo aliyesema kwamba kwa kuwa mtoto huyo haoni msahafu, basi hasomi. Sikio lilihesabiwa kuwa mlango halali wa elimu. Ni katika shule zetu za Serikali tulikokuja kujifunza kwamba kusoma ni kazi ya macho tu.

Basi tuangalie namna matangazo yetu yanavyotolewa. Ofisa huandika tangazo katika kompyuta. Wakati huo maneno yake ni maneno, na kompyuta yoyote ingeweza kumsomea asiyeona. Kisha tangazo huchapwa katika karatasi, likatiwa saini na muhuri. Karatasi hiyo hupigwa picha kwa simu, na picha hiyo ndiyo inayorushwa katika makundi ya WhatsApp ya kata na vijiji: nafasi za kazi, mikopo ya vikundi, siku za chanjo, majina ya waliochaguliwa. Hapo maneno yamekufa. Kwa programu inayosoma skrini, picha ya karatasi ni sawa na picha ya mbuzi. Husema tu kwamba hapa pana picha, ikapita. Ni kweli kwamba zipo programu mpya zinazojaribu kuyatambua maneno yaliyo ndani ya picha, na nyingine hufanya vizuri. Lakini karatasi ikipigwa picha kombo chini ya taa hafifu, na muhuri ukaangukia juu ya tarehe ya mwisho ya maombi, kama iwavyo mara nyingi, hakuna programu wala jicho zima litakaloisoma tarehe hiyo.

Twajua kwa nini muhuri hupendwa. Bila ya muhuri wananchi huuliza kama tangazo ni la kweli, nao wana haki, maana matapeli ni wengi. Hatusemi muhuri uachwe. Twasema picha ile yenye muhuri ifuatwe na maneno yenyewe, yale yale yaliyokwisha kupigwa, yakibandikwa chini yake katika ujumbe huo huo. Kazi hiyo haichukui dakika mbili. Nayo haitamfaa asiyeona peke yake. Itamfaa pia mzee ambaye miwani yake imevunjika, na mwenye simu ndogo ambayo kifurushi chake cha intaneti hakitoshi kufungua picha.

Tunakuja sasa kwenye lugha, na hapa lawama haiwezi kuwa yetu peke yetu. Kiswahili hakimo miongoni mwa sauti ambazo Narrator huja nazo. Mwanafunzi akiiwasha, akafungua habari za ushairi au hotuba ya Waziri, atasomewa Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza, na matokeo yake ni kelele. Wengi hujaribu mara moja, wakacheka, wakazima, wakasema kitu hiki si chetu. Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ipo. Mwaka 2006 Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, walianzisha programu iitwayo NVDA ambayo hutolewa bure. Ndani yake mna sauti ya kompyuta inayokijua Kiswahili. Sauti yenyewe haina utamu, yasikika kama mtu anayezungumza ndani ya debe, lakini hutamka "ng'ombe" ikaeleweka kuwa ni ng'ombe. Katika simu za Android hali ni njema zaidi: sauti ya Kiswahili yapatikana, na tangu mwaka 2017 Google imekiweka Kiswahili miongoni mwa lugha ambazo mtu huweza kuzisema na simu ikaziandika. Microsoft nayo ina sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania katika huduma zake za mtandaoni, ya kiume iitwayo Daudi na ya kike iitwayo Rehema, lakini hizo hutaka intaneti muda wote. Twauliza: kama Daudi na Rehema wamekwisha kuzaliwa, kwa nini wasikae ndani ya kompyuta ya shule isiyo na intaneti? Swali hilo lapasa kuulizwa na wenye sauti kubwa kuliko yetu, Baraza la Kiswahili la Taifa likiwamo. Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice, na hakuna aliyewalazimisha.

Watakuwapo watakaosema kwamba kwa watoto hawa zipo shule maalumu. Shule hizo twaziheshimu. Irente, kule Lushoto, imewalea wasioona tangu mwaka 1963 chini ya Kanisa la Kilutheri. Na Pongwe, ambayo kila msafiri wa Muheza huipita akienda Tanga mjini, ina watoto wasioona na wenye ualbino wanaosoma na kulala hapo. Huko ndiko mtoto anakofundishwa maandishi ya nukta nundu, na sisi hatumo miongoni mwa wanaodhani kwamba kompyuta imeziondolea nukta nundu kazi yake. Mtoto aliyesikiliza tu bila kuyagusa maneno kwa vidole hatajua kuyaendeleza, na hesabu hazisomeki vizuri kwa sikio. Lakini shule maalumu chache haziwezi kumchukua kila mtoto wa Magoroto na Zirai ambaye anaona nusu. Huyo wa nusu ndiye anayepotea. Haoni vya kutosha kuketi nyuma, haonekani kuwa na shida ya kutosha kupelekwa Irente, na mwishowe huhesabiwa kuwa mzito wa kichwa.

Wala si watoto peke yao. Karani wa miaka 50 ambaye macho yake yameanza kufifia kwa kisukari au kwa presha ya macho, kwanza huficha. Humpa kijana wa ofisini amsomee barua, kisha amwandikie, kisha hujikuta hana kazi isipokuwa kutia saini mahali anapoonyeshwa. Hapo huomba kustaafu mapema, na ofisi hupoteza mtu anayejua mafaili yote tangu siku za taipureta. Hakuna aliyemwonyesha kitufe chenye alama ya dirisha na kile cha kujumlisha. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa namna moja au nyingine. Si watu wa kando hao.

Sheria haina upungufu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Tumewasikia waajiri wakilalamika kwamba hawawezi kutimiza sharti hilo kwa gharama ya vifaa. Tunawarudisha kwenye neno lile lile.

Kuhusu viziwi tuna machache ya kusema, kwa kuwa lugha yao ni Lugha ya Alama, na maandishi yaliyotafsiriwa na mashine hayatachukua nafasi ya mkalimani katika hospitali au mahakamani. Kwa aliyepoteza usikivu ukubwani na anayesoma Kiswahili, hata hivyo, simu inayoandika yanayosemwa mbele yake ni msaada mkubwa dukani na zahanati.

Kwa upande wetu twapendekeza mambo ambayo hayangoji bajeti ya mwaka ujao. Idara za elimu za Halmashauri ziwakusanye walimu wa kompyuta wa sekondari kwa alasiri moja tu wakati wa likizo, zana hizi ziwashwe moja baada ya moja mbele yao, na walimu waketi wamefunga macho kwa kitambaa mpaka waweze kufungua faili na kulihifadhi kwa kusikiliza. Mwalimu bora wa siku hiyo atakuwa mtu asiyeona ambaye hutumia simu yake kila siku, naye alipwe posho kama mkufunzi mwingine yeyote. NVDA iingizwe katika kompyuta za shule kutoka katika kijiti cha flashi, maana haihitaji intaneti ikishapakuliwa. Wale mafundi waliozifunga kompyuta za shule kwa neno la siri ili wanafunzi wasiharibu mipangilio waziache wazi sehemu za ukuzaji na usomaji. Katika chumba kimoja tulichokiona zilikuwa zimefungwa pamoja na nyingine zote, bila mtu kujua. Na maofisa wa kata waanze wiki hii kubandika maneno chini ya picha za matangazo.

Gharama moja tu imebaki ambayo hatuwezi kuikana. Darasa lenye wanafunzi 40 haliwezi kuvumilia kompyuta tatu zikisoma kwa sauti wakati mmoja, kwa hiyo kila mwanafunzi anayesikiliza atahitaji hedifoni. Hizo hazikuja na kompyuta. Zinauzwa katika maduka ya simu, hapa hapa Muheza mjini.